Kijiji Chetu cha Vitofali na Siku Uliyotaka Kuzikwa Porini

Kalunde, shoga yangu na mtani wangu, mpagazi wa Tabora uliyeondoka bila kuaga,

Ni mimi, Tabea. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kusema nawe kwa mdomo. Juzi nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la kijiji, nikidhani niko peke yangu, nakueleza jinsi gunia la sukari lilivyoisha kabla hata halijafunguliwa vizuri. Kumbe Mwenyekiti wa kijiji kasimama mlangoni na mwavuli wake, anasikiliza. Akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mizani. Akaondoka bila hata kuulizia kiberiti alichokifuata. Kwa hiyo nimechukua karatasi za kufungia chumvi, nitakuandikia humu.

Habari za huku ni hizi. Mvua imekuja, mihogo imeshika. Lori la kijiji limepata tairi, halijapata mafuta. Jogoo wako mkorofi bado anawika saa ambazo si zake, na mumeo Mihayo hataki achinjwe, anasema nyumba bila kelele haikaliki. Ugali anaupika mwenyewe. Nimeuonja, Kalunde. Ukimtupia mbwa tonge la ule ugali atakwenda kukushtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Nimemwambia alete unga kwangu nimpikie, akatikisa kichwa, unamjua.

Lakini ninachotaka hasa kukusimulia ni siku ya mazishi yako. Ulikuwepo, lakini hukuona kitu, na haki ya Mungu ulikosa mengi. Ila siwezi kuanzia pale. Lazima nianzie kwenye vile vitofali vyako, maana ndivyo vilivyotaka kutuponza.

Ulikuwa unafua na kupiga pasi kwa wale Wazungu wa Mradi kule Kibaha. Mkataba wao ulipokwisha, yule mama akafungua stoo, akasema kila mfanyakazi achague kitu kimoja cha kumbukumbu. Mpishi akachukua sufuria kubwa. Mihayo, aliyekuwa mtunza bustani, akachukua koti la mvua. Wewe, mwanamke mzima, mama wa mabinti watatu walioolewa, ukachagua boksi la kuchezea la watoto wao: vitofali vya plastiki, vyekundu, vyeupe na vya njano, vyenye vichuchu mgongoni, kimoja kikimng'ata mwenzake hakibanduki mpaka utie kucha. Uliniambia mpishi alicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Mihayo yeye hakucheka, alikugusa shingo kuona kama una homa. Ukapanda basi pale Kwa Mathias na boksi lako mapajani, ukabadilisha mjini, ukabadilisha tena mpaka Kisarawe, ukamalizia na lori la mihogo hadi huku kwetu, mbele ya Msimbu. Utingo alitaka kulirusha juu ya magunia ukamtukana Kinyamwezi.

Mimi niliyajua hayo siku nilipokuja kuazima ungo. Nilipiga hodi, kimya. Nikasukuma mlango, nikakuta mtu na mvi zake amekaa mkekani, ulimi nje upande mmoja, anajenga nyumba ndogo yenye dirisha. Nilisimama pale kama aliyefumania. Hukushtuka hata kidogo. Ukasema, "Mzaramo, ama ingia ama toka, unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikakaa mpaka kuku wakaenda kulala, na ungo nikausahau. Nilijenga ukuta wa kwanza maishani mwangu, ukaukagua kwa jicho moja, ukasema, "Ndiyo kawaida yenu, mmezoea kujenga banda la ngoma, kesho mnabomoa." Nikakujibu kwamba babu zako walipita hapa kwetu na pembe za ndovu vichwani, ndiyo maana hadi leo hamna shingo. Utani wetu ni wa tangu mababu, hauna kesi wala faini. Ulicheka mpaka ukajikunja, nami nikajua nimepata mtu.

Basi tukaugua ugonjwa ule wote wawili. Kila tuliposikia kuna familia ya Mradi inafunga mizigo, safari ya Kibaha. Wenzetu walikuwa wanafuata mapazia na masufuria, sisi tunafuata uvungu wa vitanda vya watoto. Unamkumbuka yule yaya wa nyumba ya kona? Alitubadilishia mlango mdogo wa plastiki, unaofunguka na kufungika kabisa, kwa jogoo mzima. Tulikimbia kama wezi, tukiogopa asije akatambua kwamba tumempunja. Kwenye basi uliufunga kwenye pindo la khanga, na kila tukipita tuta ulilishika pindo lako.

Na uongo tuliokuwa tukisema, Bwana atusamehe. Mtu akiuliza ni nini hivyo, unajibu upesi, "Vya wajukuu." Wajukuu gani, Kalunde? Wajukuu zako hawakuruhusiwa hata kukohoa karibu na lile boksi. Mtoto akilitazama tu unamtuma kuni. Lakini tungesema nini? Mimi mjane, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ninayewafundisha binti za watu heshima. Nani angenipa tena sauti ya pili kama angejua kwamba Jumamosi alasiri nakaa chini na kugombania kitofali cha njano?

Kisha ikaja ile hamahama ya kuingia kijijini. Tukapangwa mistari, nyumba hii hapa, nyumba ile pale, shamba la pamoja kule, na ahadi nyingi: zahanati, kisima, shule yenye madirisha. Wewe ukasema kama kupanga ni huku, hata sisi tunaweza. Ukaulaza mlango mmoja wa zamani wa mvule chini ya kitanda chako, tukaanza kujenga kijiji chote juu yake. Nyumba ya kila mtu mahali pake. Zahanati tuliimaliza kabla ya Serikali. Ilikuwa nyeupe tupu, paa jekundu, na ule mlango wa jogoo.

Mapazia, Kalunde, yalikuwa wazo lako. Usijisingizie. Ulisema nyumba zinafanana, tutajuaje ipi ya nani? Na kwa kuwa ulikuwa unawashonea majirani viraka, vipande vya nguo za kijiji kizima ulikuwa navyo kwenye kopo. Kila nyumba ukaitilia pazia la nguo ya mwenyewe. Kipande cha khanga ya huyu, cha kaptura ya yule, cha shati la Mwenyekiti la kijani. Nilisema, "Kalunde, hii itatuletea maneno." Ukanijibu, "Nani atachungulia uvunguni kwangu, mume wangu mwenyewe hachungulii."

Na lile la Bi Mwanahawa. Vitofali vyekundu havikutosha paa la zahanati, tukaiezua nyumba yake kwa sababu ni mzee na hana makuu. Ukasema, "Bibi hatajua." Wiki hiyohiyo upepo wa masika ukaja ukang'oa makuti ya nyumba yake ya kweli, yote, yakaenda kulala kwenye pamba ya shamba la pamoja. Tulitazamana mimi nawe. Halafu, Mungu atuhurumie, tukacheka mpaka tukatoka kwenda kumsaidia kuezeka.

Sasa sikiliza ya mazishi yako.

Walipokurudisha kutoka hospitali Kibaha, umelala kwenye lori, kimya, wewe ambaye hujawahi kukaa kimya kwenye lori, mimi nilikuwa tayari kazini. Mtani haambiwi. Nilivaa koti la mvua la Mihayo nje ndani, nikajipaka majivu usoni, nikafunga mto tumboni. Nikalala katikati ya njia, nikasema gari halipiti mpaka nipewe kuku, kwa sababu wapagazi hawa wametua mzigo kwenye ardhi ya Wazaramo bila kibali. Nikatembea kama wewe. Nikapiga pasi hewani kama wewe, ulimi nje. Mabinti zako, macho yamewavimba, wakaanza kucheka. Ndiyo kazi yenyewe. Mtani halii. Mtani akilia, waliofiwa watamshika nani?

Nikiwa nje namdai kuku mwinjilisti, nikasikia ukelele chumbani kwako. Akina mama walikuwa wanatoa kitanda wapate nafasi ya kukulaza. Wameinua kitanda, wameinua shuka, kijiji kizima hicho hapo sakafuni.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeiona nyumba yake kwanza. Haina paa. Na dirishani pana kipande cha khanga yake ya sikukuu, ile aliyoililia mwaka mzima kwamba imepungua upindo. Akakivuta, akakiinua juu, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Akina mama wakatoka mbio kama wamemwagiwa maji ya moto. Mmoja kaona pazia la khanga yake, mwingine kaona kaptura ya mumewe ambaye mgongo unamsumbua tangu Krismasi. Mwenyekiti akaingia kishujaa, akaliona shati lake, akatoka si kishujaa. Kila mwenye jino bovu akawa amejua lilianzia wapi.

Nilidhani yataisha. Hayakuisha. Mwenyekiti na wazee walikaa faragha chini ya ukuta wa ghala, na walipotoka, neno lilikuwa limepita: mwanamke aliyewafungia watu ndani ya vinyumba hawezi kuzikwa makaburini pamoja na watu. Upelekwe porini, ng'ambo ya korongo, bila sala. Kile kijiji kichomwe moto. Na Mihayo afungashe arudi kwao. Kaburi lako lilikuwa linakaribia kwisha, Kalunde, na vijana wakaambiwa watoke shimoni. Mihayo alisimama katikati yao, akafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Yeye alijua ni vya kuchezea, lakini maneno na Mihayo hawakuwahi kuelewana.

Basi nikaenda mimi. Nikasimama mbele ya wote, nikasema, "Jamani, huo si uchawi. Ni michezo. Vitofali vya watoto wa Kizungu. Mimi na marehemu tulikuwa tunacheza kila Jumamosi."

Wakacheka.

Walicheka, Kalunde, mpaka mwinjilisti akatoa leso. Nina majivu usoni, mto tumboni, koti nje ndani, mtani wa marehemu siku ya msiba, nani ataniamini? Nikasema, "Naapa!" Wakazidi. Nikasema mimi kiongozi wa kwaya nakiri mbele ya Mungu kwamba nachezea midoli. Mzee mmoja akanitunza senti, akasema, "Mtani, umeua leo!" Maisha yangu yote sijawahi kusema kweli nyeupe namna ile, na sijawahi kuchekesha namna ile. Na huku nawaona vijana wanaokota kuni za kuchomea.

Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe kwanza, na mapazia yako. Halafu nikautoa ule mto tumboni. Nikavua koti. Nikanawa majivu kwenye ndoo ya maji ya kunawia, nikaingia ndani, nikauburuta ule mlango wa mvule mpaka uani, katikati ya watu, nikakaa chini na kukunja miguu kama msichana. Nikabandua paa la zahanati, kitofali kimoja kimoja, tak, tak, nikaanza kuiezeka nyumba ya Bi Mwanahawa.

Mwanzoni walicheka. Kisha kicheko kikapungua, maana mtani huwa anawatazama watu aone kama wamecheka, na mimi sikuwatazama. Nilikuwa nahangaika na kona. Unaijua ile kona inavyokataa. Kitofali kikadondoka, nikarudia. Bila kujua nikatoa ulimi nje, na safari hii sikuwa nakuigiza. Nilijenga kwa sababu nilikuwa nakijua kila kitofali pale, na kwa sababu ulikuwa umelala ndani unasubiri wakuamulie pa kulala. Uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu. Wanakwaya wangu wote walikuwepo, mpaka sauti ya nne.

Nikamaliza paa. Nikasikia magoti yanalia karibu yangu, Bi Mwanahawa kachuchumaa, pua yake inakaribia kugusa nyumba. Nikangoja anitemee mate. Akasema, "Mlango wangu hauko huko."

Nikamwambia, "Shikamoo bibi, uko wapi?"

"Marahaba. Unatazama barabarani. Huko mlikoweka ni chooni."

Nikampa kitofali. Akakigeuza, akakinusa, akakibandika, kikang'ata. Akashtuka, akakibandua, akakibandika tena. Na tena. Halafu akacheka kile kicheko chake cha mapengo, akamwita mwenzake. Mwenyekiti akajongea na mwavuli, akauliza kwa nini nyumba yake imekuwa ndogo kuliko ya balozi, wakati ramani ya kweli inajulikana. Balozi akasema ramani gani. Mwingine akasema kama ni ramani, basi mpaka wa shamba lake umekosewa, mnazi ule ni wake. Wakaanza kugombana, Kalunde! Kuni wamezitupa, watu wazima wamepiga magoti wanasukumana, "Hapo si hapo, sogeza, sogeza!" Mwinjilisti akakohoa, akakohoa tena, ikabidi apaze sauti kutukumbusha kwamba marehemu bado yuko ndani.

Wakaona haya. Vijana wakarudi shimoni wakamalizia kaburi. Ukazikwa makaburini, pamoja na watu, kwa sala, na kwaya yangu ikaimba vibaya kwa sababu sauti ya pili ilikuwa inanitazama mimi. Kabla hawajakutelemsha nikavaa tena lile koti nje ndani, nikasimama mbele ya jeneza, nikasema kuku sitaki tena, nataka vile vitofali, la sivyo ninalala humo shimoni mimi. Mihayo akaitikia kwa kichwa. Ni vyangu kwa haki ya utani, hakuna wa kunidai.

Sasa viko barazani kwangu, mchana kweupe. Nikiulizwa, nasema navichezea. Wanaoniita Bi Vitofali ni wengi, na wanaopita "kwa bahati tu" siku ya Jumamosi ni wengi kuliko wao. Mwenyekiti huja kukagua. Zahanati imepata paa la njano, halipendezi, Serikali nayo bado. Bi Mwanahawa haji kwa bahati, anakuja na mkeka wake, anakaa upande uleule uliokuwa ukikaa wewe. Nitakuambia ukweli, sijamsamehe sawasawa. Alikuita mchawi ukiwa hujapoa. Na anajenga choo tu, kila wiki choo. Lakini asipokuja natazama njia.

Tabu ni moja. Yeye ni Mzaramo kama mimi, ni bibi yangu, namwamkia. Siwezi kumtukana, naye hanitukani. Naweka ukuta wa ajabu kabisa, umepinda, mtu anasema, "Umejitahidi, mwanangu." Umejitahidi! Nanyoosha mkono nyuma kama zamani nipokee kitofali na tusi lake, napata hewa. Hakuna anayenitukana, Kalunde. Hilo hakuna aliyenionya kwamba litauma.

Jumamosi iliyopita Mihayo alikuja. Alisimama kwenye ukingo wa baraza, kofia mkononi, akautazama ukuta niliokuwa ninaupandisha. Akautazama sana. Wewe unajua, miaka yote hii hajawahi kunitania hata siku moja, ingawa ni Mnyamwezi kama wewe na ni haki yake. Akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano, "Mzaramo. Ukuta huo umepinda. Kama... kama nyinyi wenyewe."

Lo! Si tusi hata kidogo. Mtoto wa darasa la pili angelikataa. Na mwenyewe akaogopa, akaanza kurudi kinyumenyume aniombe radhi. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikashika nguzo, na katikati ya kicheko kikaja kilio chote nilichokizuia siku ile, kikanitoka kwa sauti, sikuweza kukirudisha. Mihayo akakaa kwenye ngazi naye akalia, kofia usoni. Bi Mwanahawa hakutugeukia, aliendelea na choo chake, akawa anasema polepole, "Lieni, lieni, mimi nipo hapa."

Basi ahadi yangu ni hii, shoga yangu. Nitamfundisha mumeo kutukana. Nitaanza naye na shingo, na banda la ngoma, taratibu, mpaka aweze kunitoa machozi peke yake bila kukohoa kwanza. Jumamosi hii anakuja tena. Amesema ameshafikiria moja, amelifikiria tangu Jumatatu, na hataki kuniambia kabla.

Lala, Kalunde. Lala makaburini, pamoja na watu.

Mzaramo wako,
Tabea